Kupima Ushahidi Ufipa: Kriminolojia ya Kimahakama Katika Ngazi ya Uzamili

Kriminolojia ni taaluma inayochunguza uhalifu kama tabia ya mtu na kama jambo la jamii, yaani nani anautenda, nani anaumia, mazingira gani yanauzaa, na dola na wanajamii huujibu vipi. Sayansi jinai, kwa upande wake, hushughulika na mabaki yanayoachwa na tendo lenyewe: damu kwenye mpini wa panga, alama za vidole, sumu iliyosalia katika ini la marehemu, ujumbe uliofutwa kwenye simu. Mahali taaluma hizo mbili zinapokutana mbele ya hakimu au jaji ndipo panapoitwa kriminolojia ya kimahakama, na kwa kawaida hufundishwa baada ya shahada ya kwanza, katika stashahada ya uzamili, shahada ya uzamili au uzamivu, kwa sababu humtaka mwanafunzi awe amekwisha kuimudu fani moja, iwe sheria, sosholojia, saikolojia, udaktari, kemia au kazi ya upelelezi, kabla hajafundishwa kuzitazama fani zote hizo kwa pamoja na kuzihoji.

Inafaa kusemwa mapema kwamba shahada hii haimgeuzi mtu kuwa daktari wa kupasua maiti wala mkemia wa maabara, ingawa filamu za televisheni zimewazoesha watazamaji kumwona mtu mmoja akifanya kazi za watu kumi. Mtaalamu wa patholojia, yaani daktari bingwa anayetafuta chanzo cha kifo kwa kuuchunguza mwili, hupitia njia ndefu ya udaktari; mchambuzi wa vinasaba, yaani taarifa za urithi zilizomo ndani ya chembe hai za kila mtu, hupitia biolojia au kemia. Msomi wa kriminolojia ya kimahakama huja baada yao na kuuliza maswali ambayo hao wengine mara nyingi hawana nafasi ya kuyauliza: kielelezo hiki kilipatikanaje, kimepita mikononi mwa nani, matokeo yake yanathibitisha jambo gani hasa, na kwa nini tuhuma zilimwangukia mtu huyu wala si jirani yake.

Swali hilo la mwisho lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Milanzi, kata iliyo katika Manispaa ya Sumbawanga mkoani Rukwa, kwa kuwa uwanda wa Ufipa una historia ndefu ya kutafuta wakosaji kwa njia zake wenyewe. Katika simulizi za Wafipa zilizokusanywa na mwanaanthropolojia Roy Willis, ambaye alifanya utafiti katika eneo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960, Milanzi inatajwa kuwa kiti cha utawala wa kale kuliko tawala zote za uwanda huo, utawala ambao mamlaka yake ya kisiasa yalichukuliwa baadaye na ukoo wa watawala wageni walioitwa Watwa, huku heshima yake ya kimila ikibaki palepale. Tawala za namna hiyo zilikuwa na mabaraza, mashahidi na adhabu, na katika ukanda mzima unaoanzia kusini magharibi mwa Tanganyika hadi Zambia na Malawi ya leo palikuwa pia na mwavi, sumu ya magome ya mti ambayo mtuhumiwa alinyweshwa ili akitapika aonekane hana hatia, na akifa ionekane kwamba kifo chenyewe kimekwisha kutoa hukumu.

Mwavi ulipigwa marufuku na wakoloni, lakini haja ya kumjua mkosaji haikupigwa marufuku, na haja hiyo ilitafuta njia nyingine. Willis alieleza katika makala yake ya mwaka 1968, iliyochapishwa katika jarida la Africa, juu ya harakati za kamchape, ambapo makundi ya wasaka wachawi yalipita kijiji hadi kijiji, yakawataka watu wasalimishe vifaa vya uchawi na kuwapa dawa ambayo iliaminika kuwakinga wema na kuwaua watakaorudia ubaya. Mtafiti Mwingereza Audrey Richards alikwisha kuandika mwaka 1935 juu ya harakati za jamaa hiyohiyo miongoni mwa Wabemba wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Willis hakuishia kwenye kushangaa. Alitazama nani anamtuhumu nani, akaona mvutano wa mamlaka kati ya vijana na wazee ukijitokeza katika orodha ya watuhumiwa. Huo ni uchambuzi wa kikriminolojia hata kama mwenyewe hakuuita hivyo, maana unaonyesha kwamba tuhuma zina ramani yake, nazo hufuata mistari ya urithi, umri, ujane na mipaka ya mashamba kabla hazijafuata ushahidi wowote.

Sheria nayo imekuwa ikihangaika na jambo hili kwa karibu karne nzima. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo sasa ni Sura ya 18 ya Sheria za Tanzania, bado ipo vitabuni, na wanasheria wengi wameshangazwa na ugumu wake wa asili, kwa kuwa inazungumzia kosa ambalo hakuna maabara inayoweza kulipima. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisikiliza rufaa kutoka Uganda iliyohusu watu waliomuua mzee waliyemkuta usiku akitambaa uchi uani, wakiamini kwa dhati kwamba amekuja kuwaroga. Mahakama ilikubali kwamba katika mazingira hayo imani yao ingeweza kuhesabiwa kuwa uchokozi, ikalishusha kosa kutoka mauaji ya kukusudia hadi kuua bila kukusudia, lakini ikaweka wazi kwamba imani peke yake, bila tendo la papo kwa papo la anayeshukiwa, haitoshi. Mwanafunzi wa uzamili hukutana na shauri la namna hii katika wiki zake za mwanzo, naye hutakiwa kujibu swali lisilo na jibu jepesi: ni shahidi gani anayefaa kuieleza mahakama kwamba imani fulani ni ya kweli katika kichwa cha mshtakiwa, na huyo shahidi ameijuaje?

Ugumu huo haukubaki katika vitabu vya zamani. Kuanzia mwaka 2007 hivi Tanzania ilikumbwa na mauaji na ukataji viungo wa watu wenye ualbino, na ingawa habari nyingi zilitoka Kanda ya Ziwa, bonde la Ziwa Rukwa nalo lilishuhudia mashambulizi ya kutisha mwaka 2013 na tena Machi 2015, watoto wakiwa miongoni mwa waliokatwa mikono. Watafiti Deborah Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington walichapisha mwaka 2010 uchambuzi uliohusisha mauaji hayo na uchimbaji mdogo wa madini, ambako bahati ya kupata dhahabu ilitafutwa kwa dawa za waganga. Jibu lao lilikuwa la kiuchumi na la kijamii kwa pamoja: palikuwa na wanunuzi, palikuwa na madalali, palikuwa na wauaji wa kukodiwa, na mara nyingi palikuwa na ndugu au jirani aliyetoa habari. Upelelezi unaoishia kwa mshika panga huacha soko lote likiwa limesimama.

Hapa ndipo kura ya siri ya mwaka 2009 inapostahili kutazamwa kwa utulivu. Machi mwaka huo serikali iliendesha zoezi ambalo wananchi waliandika kwenye karatasi majina ya watu waliowashuku kuhusika na mauaji ya watu wenye ualbino, na zoezi hilo lilipokewa kwa matumaini makubwa kwa sababu lilimlinda mtoa habari dhidi ya kisasi. Kama chanzo cha fununu za kuanzia upelelezi, lilikuwa na mantiki yake. Kama ushahidi, halikuwa na thamani yoyote, kwani jina likiandikwa mara mia moja katika kijiji kimoja linaweza kumaanisha kwamba watu mia moja wameona jambo moja, au kwamba watu mia moja wamesikia uvumi mmoja, au kwamba mwenye jina hilo ni mjane asiye na mtetezi. Kuitenganisha fununu na ushahidi, na kumfundisha mpelelezi kutoka kwenye ya kwanza kwenda kwenye wa pili bila kuvichanganya, ndiyo kazi ambayo kriminolojia ya kimahakama ipo kwa ajili yake. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Vinasaba vya Binadamu, inayosimamia ukusanyaji, uchunguzi na utunzaji wa sampuli za vinasaba, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama ikatoa hukumu za kwanza za kifo katika kesi za mauaji hayo.

Taaluma yenyewe katika vyuo vikuu bado ni changa kuliko watu wengi wanavyodhani. Hans Gross, hakimu mchunguzi wa Austria, alichapisha mwaka 1893 kitabu cha mwongozo kwa wapelelezi kilichokusanya mambo ya nyayo, damu, silaha na saikolojia ya mashahidi, na mwaka 1912 akaanzisha taasisi ya fani hiyo katika Chuo Kikuu cha Graz. Rodolphe Archibald Reiss alikwisha kumtangulia kwa kuanzisha mwaka 1909 taasisi ya sayansi ya upolisi katika Chuo Kikuu cha Lausanne huko Uswisi. Upande wa kriminolojia, Leon Radzinowicz alianzisha taasisi ya Cambridge mwaka 1959, ambayo muda mfupi baadaye ilifungua kozi ya uzamili. Cesare Lombroso wa Italia, ambaye kitabu chake cha mwaka 1876 kilidai kwamba mhalifu hutambulika kwa umbo la fuvu na taya, husomwa bado, lakini husomwa kama onyo; na msomaji anayejua jinsi vikongwe wenye macho mekundu walivyouawa katika sehemu za Tanzania kwa sababu ya rangi ya macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni atatambua kwamba kosa la Lombroso halikuwa la Wazungu peke yao.

Afrika Mashariki nayo ina rafu yake ya vitabu, ingawa vimesahaulika mno. Paul Bohannan alihariri mwaka 1960 kitabu juu ya mauaji na kujiua katika Afrika, ambacho sura zake kadhaa zilitokana na majalada ya mahakama za Uganda na Kenya, na Ralph Tanner, aliyewahi kuwa ofisa wa serikali Tanganyika, alichapisha mwaka 1970 mfululizo wa tafiti juu ya uhalifu wa Afrika Mashariki, zikiwemo za mauaji nchini Uganda na mauaji ya watuhumiwa wa uchawi Usukumani. Waandishi hao waligundua jambo ambalo kila mwanafunzi wa leo angefaa kuanza nalo: jalada la kesi ni chanzo cha utafiti chenye utajiri mkubwa, lakini linaeleza zaidi namna kesi ilivyojengwa kuliko namna tukio lilivyotokea.

Sehemu ngumu zaidi ya masomo haya, na ndiyo yenye faida kubwa zaidi, ni hesabu za uwezekano. Mwaka 1984 Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester aligundua namna ya kuwatofautisha watu kwa vinasaba, na inafaa kukumbukwa kwamba katika upelelezi wa kwanza wa mauaji uliotumia ugunduzi huo, mtu wa kwanza kunufaika alikuwa kijana aliyekwisha kukiri kosa, ambaye vipimo vilionyesha kwamba hakuwa yeye. Lakini kipimo hicho huja mahakamani kikiwa na tarakimu, na tarakimu zinapotosha kwa urahisi. Tuseme alama fulani iliyopatikana eneo la tukio hupatikana kwa mtu 1 kati ya 10,000. Mwendesha mashtaka asiye mwangalifu atasema kuna nafasi 1 tu kati ya 10,000 kwamba mshtakiwa hana hatia. Mkoa wa Rukwa, kwa sensa ya mwaka 2022, una watu zaidi ya milioni 1.5, kwa hiyo watu wapatao 150 wa mkoa huo wangekuwa na alama hiyohiyo, na kama hakuna ushahidi mwingine unaomhusisha mshtakiwa na tukio, yeye ni mmoja tu kati yao. Uingereza yenyewe ilijikwaa hapo: mwaka 1999 mama mmoja, ambaye alikuwa mwanasheria, alihukumiwa kwa kuwaua wanawe wachanga wawili baada ya daktari bingwa kuiambia mahakama kwamba vifo viwili vya ghafla katika familia kama ile vingetokea mara 1 katika milioni 73, tarakimu iliyopatikana kwa kuzidisha mambo yasiyopaswa kuzidishwa, na hukumu yake ilitenguliwa mwaka 2003. Miaka sita baadaye, Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti iliyosema kwamba, ukiacha vinasaba, njia nyingi zilizozoeleka mahakamani, kama vile kulinganisha alama za meno na nywele, hazijathibitishwa ipasavyo.

Nchini Tanzania uzito wa kosa la namna hiyo ni mkubwa mno, kwa sababu sheria imemwekea anayepatikana na hatia ya mauaji ya kukusudia adhabu ya kifo kama adhabu ya lazima, jambo ambalo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ililiamua Novemba 2019 kuwa linakiuka haki ya uhai. Hakuna aliyenyongwa nchini tangu katikati ya miaka ya 1990, lakini waliohukumiwa hubaki gerezani wakisubiri.

Hata hivyo, kesi nyingi za Ufipa haziharibiki kwenye hesabu, huharibika njiani. Mwili ukikutwa kandokando ya shamba, wa kwanza kufika ni wanakijiji, kisha mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, na wakati askari anapofika nyayo zimekwisha kukanyagwa na silaha imekwisha kushikwa na watu wanne wenye nia njema. Nguo yenye damu ikifungwa kwenye mfuko wa nailoni ikiwa mbichi, unyevu hukuza bakteria na ukungu vinavyoharibu vinasaba. Ilitakiwa ikauke kivulini na kutiwa kwenye bahasha ya karatasi. Kipande cha ini kinachopelekwa kutafutwa sumu kikitiwa dawa ya kuhifadhia maiti, dawa hiyo huweza kuvuruga kipimo. Aliyejeruhiwa hupewa fomu ya polisi iitwayo PF3, ambayo karibu kila Mtanzania anaijua kwa jina hilo, na mara nyingi daktari aliyelemewa na wagonjwa huandika humo mstari mmoja kama "jeraha la kitu chenye ncha kali", mstari ambao miezi mingi baadaye wakili wa utetezi atauchana vipande.

Sampuli zinazohitaji maabara huelekea kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, mamlaka ambayo chimbuko lake ni maabara ya magonjwa ya nchi za joto iliyoanzishwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1895, na ambayo sheria ya mwaka 2016 iliipa hadhi yake ya sasa. Ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ipo Mbeya, umbali wa zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kutoka Sumbawanga kupitia Tunduma. Kila mkono unaoipokea na kuitoa sampuli katika safari hiyo hutakiwa kuacha maandishi, na mfululizo wa maandishi hayo ndio unaoitwa mnyororo wa utunzaji wa kielelezo. Katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ikiwa Dodoma ilieleza kwamba mnyororo huo ni kumbukumbu zenye mtiririko wa wakati zinazoonyesha kukamatwa, kutunzwa, kuhamishwa, kuchunguzwa na kutolewa kwa kielelezo, na tangu hapo washtakiwa wengi wameachiwa kwa sababu kiungo kimoja kilikosekana. Wananchi huona hapo rushwa. Mara nyingine ni rushwa kweli; mara nyingi zaidi ni daftari ambalo halikujazwa. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu mtu anayeamini kwamba mahakama huwaachia wauaji kwa fedha ndiye kesho atakayewasha moto wa wananchi wenye hasira kali, au atakayechanga fedha ya kumleta mpiga ramli chonganishi, licha ya marufuku iliyotangazwa na serikali Januari 2015.

Utambuzi wa macho una matatizo yake. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani iliweka msingi unaonukuliwa hadi leo, kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine, na hauwezi kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe, kwa kuzingatia muda shahidi alioutumia kumtazama mshambuliaji, umbali, mwanga uliokuwepo, na kama walikuwa wakifahamiana. Mashambulizi ya usiku katika nyumba iliyomulikwa na koroboi au tochi ya simu huufanya mtihani huo uwe mgumu kwelikweli.

Kwa mtu anayetafuta mada ya tasnifu, Ufipa ina mambo ambayo vitabu vya Ulaya na Marekani haviwezi kuyajibu. Muda uliopita tangu kifo hukadiriwa, pamoja na mambo mengine, kwa hatua za ukuaji wa funza wa inzi, elimu iliyoanzishwa na Mfaransa Jean Pierre Mégnin kwa kitabu chake cha mwaka 1894 na kuendelezwa katika vituo kama kile cha Chuo Kikuu cha Tennessee, ambako miili iliyotolewa kwa hiari huachwa ioze ili watafiti wapime. Sumbawanga ipo katika mwinuko wa takriban mita 1,800 na usiku wake wa Juni na Julai ni wa baridi kali, ilhali bonde la Ziwa Rukwa, mwendo mfupi tu kwa gari, lipo chini yake kwa mita zipatazo 1,000 na lina joto kali. Miili miwili ya watu waliofariki siku moja, mmoja Milanzi na mwingine bondeni, haitaoza kwa kasi moja, na jedwali la Tennessee halijui kitu juu ya inzi wa Rukwa. Mwanafunzi wa biolojia anaweza kuanza kwa mizoga ya nguruwe na kipimajoto.

Mada nyingine ipo mikononi mwa kila mtu. Ripoti za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania zimeutaja mara kwa mara mkoa wa Rukwa, pamoja na Morogoro, kati ya mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu, ule wa ujumbe unaomtaka mtu "atume ile hela kwenye namba hii". Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole zinazolinganishwa na kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, na ungedhani jambo hilo lingemaliza ujanja. Halikumaliza, kwa kuwa usajili unathibitisha ni kidole cha nani kilichowekwa kwenye mashine siku ile, nao hauthibitishi ni nani aliyeshika simu siku ya wizi. Bibi aliyebofya kidole mara mbili kwa wakala asiye mwaminifu anaweza kuamka akiwa mmiliki wa laini asiyoijua. Sheria ya Makosa ya Mtandao na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, zote za mwaka 2015, zimepanua mlango wa ushahidi wa kidijiti mahakamani. Swali la kwa nini vijana wa mkoa wa wakulima wa mahindi na maharage wameingia katika biashara hiyo, wanafundishana wapi, na fedha hugawanywaje, bado linamsubiri mtafiti wa kuketi nao.

Njia za kuifikia elimu hii ni zaidi ya moja. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya kwanza ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijiti, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili huandaa madaktari bingwa wa patholojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sheria tangu mwaka 1961, na nchini Kenya vyuo vikuu vya Egerton na Masinde Muliro hufundisha kriminolojia. Kabla ya kulipa ada ya kozi yoyote, hasa zile za ng'ambo zinazofundishwa kwa intaneti, mwombaji ahakikishe kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwamba shahada husika inatambuliwa, kwa maana zipo zinazouza cheti kizuri na masomo hafifu. Kozi inayostahili jina lake ina takwimu, ina sheria ya ushahidi, ina mbinu za utafiti wa kijamii, na inamlazimisha mwanafunzi kusoma hukumu nzima badala ya muhtasari.

Utafiti wenyewe, kwa wanaoufikia, huanza kwa makaratasi: barua ya utambulisho ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka kwa wa Wilaya, kwa mtendaji wa kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji, na majalada ya Mahakama Kuu Kanda ya Sumbawanga huhitaji kibali chake chenyewe. Ni mlolongo unaochosha, lakini majalada yaliyofungwa yana majibu ambayo mashine za bei ghali hazina. Kijana wa Milanzi aliyemaliza shahada ya sheria, sosholojia au sayansi na ambaye anafikiria uzamili asingoje maabara ijengwe mlangoni kwake. Aombe kibali, asome kesi za mauaji za miaka kumi zilizoisha kwa washtakiwa kuachiwa, na aandike ni katika hatua gani, na mikononi mwa nani, ushahidi wa kila moja ulipotelea.